Mwarobaini, Mti wa Heshima Kutoka India

Mwarobaini unaujua. Ukipita Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa au Manyoni utauona mbele ya nyumba, kwenye uwanja wa shule, kando ya zahanati. Kiangazi kikikaza na miti ya porini ikapukutika majani, wenyewe unakaa kijani tu. Wazee huweka viti chini yake wakacheza bao. Mbuzi nao hujilaza hapo hapo.

Lakini mti huu asili yake si kwetu. Ni mti wa India na nchi za jirani yake. Watu waliotoka huko ndio walioleta mbegu zake Afrika Mashariki. Kwao huitwa nim, na Wahindu wengi hawauoni kuwa ni mti wa kivuli tu. Wanauheshimu kama mahali pa ibada.

Hapa tuelewane kidogo. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Wahindi wengine ni Waislamu, wengine Wakristo, wengine Singasinga. Sisi tunaowazungumza leo ni Wahindu.

Kwa nini wanauheshimu? Tuanze na ndui. Wazee wetu wanaukumbuka ugonjwa huo. Uliua watu wengi, na aliyepona alibaki na makovu usoni. Huko kaskazini ya India Wahindu waliamini kwamba mwenye mamlaka juu ya ndui ni mungu wa kike aitwaye Sitala. Jina hilo maana yake ni mwenye ubaridi, yaani anayepoza homa. Humchora amepanda punda, mkononi ana ufagio na chungu cha maji, kichwani ana ungo. Na mti wake ni mwarobaini. Nyumba ikiingiwa na ndui, matawi ya mwarobaini yalitundikwa mlangoni, na mgonjwa alipepewa kwa majani yake. Mpita njia akiliona tawi, alijua humo ndani hamwendeki ovyo.

Iliyoimaliza ndui ni chanjo, siyo majani. Mtu wa mwisho kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha duniani kote. Hata hivyo Sitala anaabudiwa mpaka leo. Akina mama humwomba awalinde watoto na tetekuwanga na magonjwa mengine ya vipele.

Sehemu za kusini na magharibi ya India wana desturi nyingine. Mwaka wao mpya huangukia mwezi wa Machi au Aprili. Asubuhi ya siku hiyo watu hula majani au maua ya mwarobaini pamoja na sukari guru. Uchungu na utamu mdomoni kwa mara moja! Maana yake ni kwamba mwaka unaokuja utaleta yote mawili, na mtu ayapokee yote. Kama umewahi kutafuna jani la mwarobaini, unajua kwamba watu hao hawafanyi mchezo.

Tena kuna mji wa Puri, mashariki ya India, wenye hekalu kubwa la mungu Jagannath. Sanamu za humo si za mawe wala za dhahabu. Zimechongwa kwa mti wa mwarobaini. Kila baada ya miaka kati ya 8 na 19 huchongwa mpya, na zile kuukuu huzikwa kama watu wanavyozikwa. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2015. Wala haukatwi mti wowote tu. Makuhani husafiri kwenda kuutafuta mti wenye alama zake: uwe karibu na maji, usiwe na kiota cha ndege, na jirani yake pawe na kichuguu. Huku kwetu Ugogo vichuguu havitafutwi, vinatutafuta wenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Jina la mwarobaini limetokana na neno arobaini, kwani watu husema ati unatibu magonjwa 40. Hapo lazima tuseme wazi. Uchungu wa dawa siyo kipimo cha nguvu yake. Ukishikwa na homa, nenda zahanati ukapimwe. Kama ni malaria utapewa dawa mseto. Mtoto anayekaa nyumbani siku mbili tatu akinyweshwa maji ya majani, malaria inaweza kumwua katika siku hizo hizo. Mama mjamzito asinywe kabisa. Na mafuta ya mbegu zake mtoto asinyweshwe kamwe. Huko Malaysia watoto wachanga walinyweshwa, wakapata degedege, na wengine walikufa. Mahali uchungu huo unapofaa ni ghalani. Majani makavu yaliyopondwa huchanganywa na kunde au maharage ili kupunguza wadudu.

Kuna hatari nyingine, na hii inawapata hata watu waangalifu. Mwarobaini una ndugu yake aitwaye mmelia. Watu huchanganya miti hii miwili. Mmelia ndio mti wa shanga. Kokwa lake lina mifereji ubavuni, na katikati lina tundu la asili, kwa hiyo unapitisha uzi tu. Waturuki huuita mti wa tasbihi. Wakristo wa Ulaya nao walitengeneza rozari kwa kokwa hizo. Lakini matunda yake ni sumu. Mtoto akiyala anaweza kutapika, kuharisha, kupata degedege, hata kufa.

Utaitambuaje? Angalia maua. Ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia ni ya zambarau. Angalia jani. Kijiti cha jani la mwarobaini hubeba vijani pande mbili, basi. Cha mmelia hugawanyika tena kuwa vijiti vidogo, na hivyo ndivyo vyenye vijani. Halafu mmelia hupukutisha majani, na vitunda vyake vya manjano hubaki vikining'inia kwenye matawi matupu. Ndipo watoto wanapovivutiwa.

Shanga za sala za Wahindu wenyewe, ambazo ni 108 katika uzi mmoja, mara nyingi hutoka kwenye mti mwingine kabisa, rudraksha. Huo ni wa milima yenye mvua nyingi, kama Nepal. Kwa mvua yetu ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, usijisumbue nao.

Mwarobaini lakini unatosheka na mvua hiyo. Chukua matunda yaliyoiva, ya manjano. Menya, osha kokwa, anika kivulini siku chache. Usiziweke ndani kungoja msimu kama mbegu za mtama! Kokwa za mwarobaini hufa upesi, baada ya majuma machache nyingi hazioti tena. Zipande mapema kwenye viriba, kina cha kidole kimoja kulala, na umwagilie. Kwa kawaida huchipua katika majuma mawili au matatu.

Chimba mashimo kabla ya mvua, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana. Changanya udongo wa juu na samadi. Mvua za Desemba zikishalowesha ardhi vizuri, hamishia miche yako. Acha hatua sita au saba kati ya mti na mti. Usipande mbugani panapotuama maji, mizizi itaoza. Palilia, maana mche mdogo haupatani na nyasi.

Zungushia boma la miiba. Usidanganyike kwamba mbuzi ataogopa uchungu. Boma hilo liache mpaka kilele kimpite mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Matunda ya kwanza utayaona kuanzia mwaka wa tatu hadi wa tano.