Mgongo Mpana, Tandiko Lake Lipi?

Wapenzi wa kandanda wanaofuatilia historia ya Kombe la FA wanaijua Walsall kwa siku moja: Januari 14, 1933, klabu hiyo ndogo ilipoichapa Arsenal mabao 2-0. Jina lake la utani, kwa Kiswahili, ni Mafundi Matandiko, na limetokana na kazi ya mji wenyewe. Walsall, jirani na Birmingham, ulikuwa kitovu cha utengenezaji wa matandiko ya farasi katika karne ya 19. Karakana nyingi zimefungwa tangu hapo, lakini zipo ambazo mpaka leo zinashona matandiko yanayouzwa nchi nyingi. Na miongoni mwa farasi wanaoshonewa huko, mmoja amewatoa mafundi jasho kuliko wengine: mfupi, mnene, mwenye mbavu zilizotanuka na mgongo mpana.

Waingereza na Waairishi humwita kobu. Jina hilo huhusu umbo zaidi kuliko ukoo. Kuna kobu wa Wales, ambaye ana ukoo ulioandikwa na chama chake, Welsh Pony and Cob Society, kilichoanzishwa mwaka 1901. Kuna kobu wa mabaka, wenye manyoya marefu yanayofunika kwato, wanaofugwa na jamii za Waroma na Wasafiri. Kila mwezi Juni hupelekwa kwenye gulio la Appleby, kaskazini mwa Uingereza, na kuogeshwa katika mto Eden kabla ya kuuzwa. Wengine hawana ukoo unaojulikana. Wote ni wazao wa farasi wa kazi: waliovuta mikokoteni ya maziwa na kumbeba mkulima mzito kwenda sokoni na kurudi. Wengi walikatwa mikia ili isinase katika hatamu za mkokoteni, mpaka sheria ya mwaka 1949 ilipopiga marufuku jambo hilo.

Siku hizi kobu ni farasi wa familia. Hupandwa na mtoto, mama na babu, kwa kuwa ni mpole na ana nguvu. Tatizo ni kwamba tandiko la kawaida la Kiingereza kwa miaka mingi lilifuata umbo la farasi mwembamba, yule mwenye mwinuko mrefu juu ya mabega. Mwinuko huo hulishika tandiko lisihame. Kobu hana mwinuko wa kutosha. Tandiko likiwekwa juu yake huteleza mbele hadi shingoni, au hubiringika ubavuni pamoja na mpandaji wake.

Ili kuelewa tandiko linafaa likae wapi, ni vizuri kuanza na mifupa. Farasi hana mtulinga. Mguu wake wa mbele haukuungwa na kifua kwa kiungo cha mfupa, bali umeshikwa na misuli na kano tu, na kila anapoupeleka mguu mbele, ncha ya juu ya kombe la bega hurudi nyuma. Tandiko likikaa juu ya kombe hilo, kila hatua inagongana nalo. Upande wa nyuma mpaka ni ubavu wa mwisho, ambao kwa kawaida ni wa 18. Baada ya ubavu huo hakuna mbavu za kusaidia kubeba uzito. Katikati unapita uti wa mgongo, ambao haupaswi kuguswa na chochote. Kwa hiyo mahali pa kuketi ni pale palipo kati ya kombe la bega na ubavu wa mwisho, pande mbili za uti. Kwa kobu, ambaye mgongo wake ni mfupi, mahali hapo ni padogo kuliko mtu anavyodhani akimtazama mnyama mwenyewe alivyo mkubwa.

Ndani ya tandiko mna kiunzi. Huweza kuwa cha mbao zilizogandishwa kwa tabaka na kuimarishwa kwa chuma, au cha plastiki ngumu. Chini ya kiunzi kuna mito miwili, mara nyingi iliyojazwa sufu, na kati ya mito hiyo unapita mfereji unaouachia uti wa mgongo nafasi. Matandiko huuzwa kwa vipimo vya upana: jembamba, la kati, pana, pana zaidi. Wanunuzi wengi hukosea hapa. Watengenezaji hawana kipimo kimoja cha pamoja, na tandiko linaloitwa pana katika karakana moja linaweza kulingana na la kati la karakana nyingine.

Hata vipimo vingekuwa sawa, upana peke yake usingetosha. Upinde wa mbele wa kiunzi wenye umbo la herufi V hubaki V hata ukitanuliwa. Ukiwekwa juu ya mgongo bapa, hugusa kwenye ncha zake tu, na uzito wote wa mpandaji hukusanyika katika sehemu mbili ndogo nyuma ya mabega. Kobu anahitaji upinde wenye umbo la U iliyopinduliwa, ulio mpana hata kule juu, ili mito ilale juu ya misuli bila kubana. Anahitaji pia kiunzi kinachofuata mstari wa mgongo wake kutoka mbele hadi nyuma. Kobu wengi wana mgongo ulionyooka. Kiunzi kilichopinda sana kikiwekwa juu yao huyumba mbele na nyuma kila farasi anapokwenda matiti, yaani mbio ndogo.

Tandiko linalobana hudanganya macho. Kwa kuwa haliwezi kushuka mahali pake, hupanda juu upande wa mbele, na mpandaji huelemea nyuma. Kwa kuwa halijatulia, mwenye farasi hukaza mkanda wa tumboni, kisha huongeza blanketi nene chini yake. Ni sawa na kuvaa soksi nzito ndani ya kiatu kinachobana: nafasi inazidi kupungua. Tandiko lililozidi upana nalo lina madhara yake. Huzama mbele, likagusa mfupa wa juu ya mabega, na kumtupa mpandaji mbele.

Mnyama mwenyewe hutoa taarifa, kama kuna anayemtazama. Hung'ata au hukunja masikio anapofungwa mkanda. Hufupisha hatua, hukataa kuteremka mlima, hukaza mgongo anapopandwa. Misuli ya nyuma ya mabega hupungua na kuacha mashimo. Nywele nyeupe huota mahali ambapo zamani zilikuwa nyeusi au kahawia, kwa sababu kubanwa kumeharibu chembe zinazotengeneza rangi ya nywele. Nywele hizo zikionekana, madhara yalianza zamani.

Kupima mgongo si kazi ya siri, na mwenye farasi anaweza kuianza mwenyewe. Farasi husimamishwa mahali tambarare, miguu minne ikibeba uzito sawa, kichwa kikiwa juu kiasi cha kawaida. Ukingo wa nyuma wa kombe la bega hutafutwa kwa vidole na kuwekwa alama ya chaki. Ubavu wa mwisho hufuatwa kutoka tumboni hadi mgongoni na kuwekwa alama nao. Kisha rula laini ya kupindika hulazwa juu ya mgongo nyuma tu ya kombe la bega, ikabonyezwa ifuate umbo, ikaondolewa polepole na kuchorwa kwenye kadibodi. Hatua hiyo hurudiwa mahali mgongo unapobonyea zaidi na karibu na ubavu wa mwisho, kisha mchoro mmoja huchukuliwa kwa urefu. Kadibodi zikikatwa, mnunuzi huenda dukani akiwa na mgongo wa farasi wake mkononi.

Tandiko hujaribiwa kwanza bila blanketi. Huwekwa mbele kidogo, kisha husukumwa nyuma mpaka litulie lenyewe. Sehemu ya chini kabisa ya kiti iwe katikati. Mtu akisimama nyuma ya farasi aone mwanga ukipita katika mfereji mwanzo hadi mwisho. Kiganja kikipitishwa chini ya mito kihisi mgandamizo ulio sawa, bila pengo katikati na bila mahali panapobana ghafla. Halafu mpandaji apande, na ukaguzi urudiwe akiwa juu, kwa sababu uzito wake hubadilisha kila kitu. Farasi atembezwe, aende matiti, azungushwe kulia na kushoto, huku mtu mwingine akitazama kutoka nyuma.

Mkanda wa tumboni unastahili kuangaliwa peke yake. Mkanda hukaa mahali kifua kilipo chembamba zaidi, na kwa kobu wengi mahali hapo pako mbele sana, karibu na viwiko. Kamba za tandiko zikiwa nyuma ya hapo, mkanda huzivuta mbele kila hatua, na tandiko hufuata. Ndiyo maana matandiko mengi ya kobu yana kamba moja inayoshuka kutoka ncha ya mbele ya kiunzi na nyingine inayoshikilia upande wa nyuma. Kuna pia mikanda iliyopindwa kwa ajili ya wanyama wa namna hii, na kamba ya mkia inayozuia tandiko lisiende mbele. Vyote husaidia tandiko lenye umbo sahihi; haviponyi lisilofaa. Kupanda kwa kutumia kigoda badala ya kutokea ardhini nako hupunguza kulivuta tandiko upande mmoja.

Tandiko likiendelea kuhamia upande mmoja hata baada ya kupimwa vizuri, huenda tatizo liko mguuni. Madaktari wa mifugo Line Greve na Sue Dyson, katika tafiti walizochapisha mwaka 2013 na 2014 nchini Uingereza, walionyesha kwamba tandiko kuteleza upande mara nyingi huambatana na maumivu ya mguu wa nyuma ambayo hata mwenye farasi hajayaona. Maumivu yalipoondolewa kwa sindano ya ganzi, kwa farasi wengi tandiko lilitulia.

Mpandaji naye ana mwili wake. Mtu mkubwa huhitaji kiti kirefu, lakini kiti kirefu juu ya mgongo mfupi hupita ubavu wa mwisho. Hapo mgongo wa farasi ndio unaoamua. Fundi anaweza kubadilisha kina cha kiti au umbo la mbawa za tandiko, na anaweza kukifanya kiuno cha tandiko kiwe chembamba ili nyonga za mpandaji zisitanuliwe mno. Ikiwa bado halitoshi, mpandaji huyo atafute farasi mwingine.

Jambo la mwisho ni kwamba mgongo wa kobu haukai umbo moja. Kobu hunenepa upesi kwenye majani mabichi ya masika, na unene huo humweka katika hatari ya laminaitisi, ugonjwa mkali wa ndani ya kwato. Mwenye busara humpunguzia chakula, na tandiko lililomtosha Mei halimtoshi Oktoba. Matandiko ya kisasa yenye kipande cha chuma cha mbele kinachobadilishwa husaidia, ingawa hubadilisha upana na si umbo lote la kiunzi. Chama cha mafundi matandiko wa Uingereza, Society of Master Saddlers, kilichoanzishwa mwaka 1966, hufundisha na kuthibitisha wapimaji, na wataalamu wengi wa kazi hii hushauri ukaguzi kila baada ya miezi sita.

Somo hili halikomei kwa kobu. Punda wa Lamu naye ana mgongo bapa usio na mwinuko mabegani, na shogi au tandiko lake huteleza kwa sababu zile zile. Kliniki ya shirika la kutunza punda, Donkey Sanctuary, imekuwa ikiwatibu punda wa kisiwa hicho tangu miaka ya 1980. Mwenye punda hana haja ya rula wala fundi wa Walsall ili kuanza. Auachie uti wa mgongo nafasi, auzuie mzigo usilalie kombe la bega, na kila jioni aondoe tandiko na kupitisha mkono mgongoni, taratibu, kuanzia mabegani hadi kiunoni. Akikuta mahali pana joto, uvimbe au kidonda, mnyama huyo asitandikwe tena mpaka apone na tandiko lirekebishwe.