Funga, Fungua na Shusha katika Lugha ya Gereji

Katika matumizi ya kila siku, kitenzi funga humpeleka msikilizaji kwenye mlango, mzigo, saumu au bao. Gerejini kina maana nyingine: kufunga injini ni kuikalisha mahali pake ndani ya gari, kuikaza na kuiunganisha na viungo vyote inavyovitegemea. Kinyume chake, hata hivyo, si kufungua. Kuitoa injini garini ni kuishusha. Kuifungua ni kuichambua kifaa kwa kifaa hadi kwenye pistoni. Mwenye gari anayesema “fungua” akikusudia “shusha” huweza kurudi jioni na kukuta injini nzima imelala vipandevipande ndani ya karai.

Tofauti hiyo huuma zaidi gari la zamani linapotiwa injini isiyo yake. Mfano mzuri ni Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Nyingi zilitoka kiwandani na injini ya silinda nne yenye ukubwa wa sisi 2,286, ya petroli au ya dizeli. Injini hiyo inapochoka, wapo wenye magari Afrika Mashariki wanaoona heri kutia injini ya dizeli ya Kijapani, ambayo spea zake hupatikana kwa urahisi Kariakoo jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi.

Hapo ndipo kitenzi badilisha kinapopotosha. Husikika kana kwamba kimoja kinatoka na kingine kinaingia, mithili ya balbu. Kumbe matundu ya injini ngeni hayalingani na ya giaboksi ya Land Rover, na baina yake huhitajika bamba nene la chuma lililotobolewa kwa vipimo vya pande zote mbili, pamoja na bushi ya kukereza. (Kukereza ni neno kongwe la maseremala, nalo linafaa kabisa kwa chuma.) Injini na giaboksi zisipokuwa kwenye mstari mmoja, klachi husumbua na beringi hufa mapema.

Maunti nayo si chuma kitupu. Ni mpira ulioshikwa na chuma, unaozuia mtikisiko wa injini usihamie kwenye chesisi. Vikalio vyake huchomelewa baada ya injini kuning’inizwa na kupimwa: sampu isigonge ekseli ya mbele springi zinapobonyea, feni isiguse rejeta, boneti ifungike. Fundi anayechomelea kwanza na kupima baadaye hukata alichochomelea, na gharama humwangukia mwenye gari.

Kwa hiyo anayenunua injini ya mtumba hana budi kutaja anachokitaka. “Injini” peke yake dukani huweza kuwa bloku na kichwa chake tu. Aombe injini pamoja na stata, alternata, pampu ya dizeli, flaiwili na vikono vyake vya maunti. Kuvitafuta kimoja kimoja baadaye ni ghali.

Namba ya injini ipatane na stakabadhi, kwa kuwa kadi ya gari huonyesha namba ya injini ya zamani na itahitaji kurekebishwa. Inakiliwe mapema: injini ikishafungwa, aghalabu namba hujificha nyuma ya mabomba.