Boliti ikigoma kuingia, usiilazimishe!

Huku kwetu Kilwa na Lindi vijana wengi siku hizi tunabadilisha shokapu wenyewe chini ya mwembe, maana hela ya fundi haipo kila siku. Na shokapu zinachoka haraka kweli. Lami ya kutoka Dar ipo, lakini ukiiacha tu kuingia vijijini ni mashimo na mchanga. Mnakumbuka Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata hiyo lami maeneo ya Somanga.

Sasa kinachoharibu kazi mara nyingi sio shokapu yenyewe, ni boliti kuingia upande.

Hesi ni ule mfereji unaozunguka boliti. Boliti ikianza ikiwa imelala, mfereji wake haufuati mfereji wa nati, unapanda juu ya ukingo. Ukitia spana inakaza, mkono unasikia uzito, unasema imeshika. Kumbe ule uzito ni chuma kinakula chuma, vitu viwili havijabanana kabisa! Jirani yangu alirudishiwa Noah kutoka gereji moja, baada ya wiki ikaanza kugonga mbele. Tulipofungua, boliti ilitoka na unga wa chuma, hesi zote zimeliwa. Kwenye Toyota nyingi ndogo boliti mbili za chini ya shokapu ndizo zinalishika gurudumu lisimame wima. Zikiachia uko spidi 80 karibu na Nangurukuru, hiyo ni habari nyingine.

Sababu ni tatu:

1. Matundu hayajaonana. Gari likiwa juu, amu inaning'inia chini.
2. Kutu na mchanga. Sisi wa pwani chumvi ya bahari haituachi.
3. Boliti sio yake. Nati za gurudumu za Toyota nyingi ni milimita 12 na hesi ya 1.5, za Nissan nyingi ni 12 hiyo hiyo lakini hesi 1.25. Inaingia mizunguko miwili, halafu inagoma.

Fanya hivi:

Kwanza usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi. Safisha hesi kwa brashi ya waya, tia oili kidogo, pangusa. Weka jeki ya pili chini ya amu, pandisha taratibu mpaka matundu yaonane. Nyoosha kwa bisibisi ndefu au chuma chembamba. KIDOLE USITIE tundu hilo, amu ikicheza kinakatika.

Halafu anza boliti kwa vidole. Izungushe kwanza kinyumenyume, taratibu, mpaka usikie imedondoka "tak". Hapo mifereji imekutana, sasa zungusha mbele. Iende mizunguko mitatu minne kwa vidole tu ndo ushike spana. Ikikaza mapema, rudisha, angalia matundu upya. Kuongeza bomba kwenye spana ili iingie ni kuiua.

Kama hesi imeumia kidogo, na huna tapi, chukua boliti nzima ya saizi ile ile na hesi ile ile, ichane mifereji miwili kwa urefu na msumeno wa chuma, tia oili. Iingize nusu mzunguko, rudisha robo, hivyo hivyo. Inasafisha nati. Kama imeliwa, tupa boliti na nati, nunua zenye namba ile ile kichwani. Kuzungushia waya au gundi hapana.

Boliti za bushi zikaze mwisho, gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukitembea kilometa kama 50, zikague tena zote.

Boliti mpya ni bei ya soda chache tu wadau. Mwenye nyongeza karibu. Naomba kuwasilisha.