Wasanii wa Kaki: Rekodi za Vita Kutoka Njia ya Tabora hadi Burma

Cheo kikongwe kuliko vyote katika orodha hii ni cha kirangozi. Katika karne ya 19 msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora, ulitembea karibu miezi mitatu, na aliyetangulia alikuwa yeye: joho jekundu, manyoya kichwani, bendera mkononi, mpiga ngoma nyuma yake. Akitoa wimbo, mamia ya wapagazi wa Kinyamwezi waliitikia huku pembe za ndovu zikiwalemea mabegani. Alikuwa mburudishaji na mtu wa vita kwa pamoja, maana njia ile ilikuwa na hongo na mishale. Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Wanyamwezi aliifunga njia ya Ujiji. Waarabu wa Tabora, mpelelezi Stanley akiwa nao, walikwenda kumpiga wakarudi wameshindwa. Majina ya virangozi wengi hayakuandikwa, nami nawaweka mbele hata hivyo. Bila wao hakuna aliyefuata.

Ngoma ya askari iliyofika mbali kuliko zote ni beni. Ilizaliwa pwani miaka ya 1890 kwa kuigiza bendi za Wazungu, na Vita Kuu ya 1914 ilipolipuka ilikuwa tayari ina vyama viwili vinavyoshindana, Marini na Arinoti. Wachezaji walijipanga safu kama gwaride, nguo zimepigwa pasi, bakora mkononi badala ya bunduki, wakiongozwa na watu wenye vyeo vya kujipa: Kingi, Jenerali, hata Bismarck. Waliicheza askari wa Mjerumani, na waliicheza askari wa KAR (King's African Rifles) upande wa Mwingereza. Watu waliopigana mchana walikuwa na ngoma moja.

Tabora ilikuwa njia panda ya mambo hayo. Reli ilifika mwaka 1912, na vita ilipoibana pwani ofisi za serikali ya Kijerumani zikahamia huko. Mji ulijaa askari, wapagazi na wafungwa. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Mbelgiji chini ya Jenerali Tombeur yakaingia, na waliofungwa na Wajerumani wakaachiwa. Vita ilipokwisha, askari na wapagazi waliorudi makwao walikuwa na beni vichwani. Ikafika Kongo, ikafika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ikafika Nyasaland, ambako badala ya tarumbeta za shaba wakapuliza vibuyu. Wakoloni waliingiwa na hofu, wakafanya uchunguzi, wakidhani vyeo vile vinaficha njama. Sijui sanaa nyingine ya Afrika Mashariki iliyosambazwa na vita kwa kasi namna hiyo.

Aliyeanza mdogo kuliko wote, na aliyelipwa ubaya mkubwa kuliko wote, ni Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa asili ya Sudan. Vita ilipoanza alikuwa na miaka 10, akaingia jeshi la Mjerumani pamoja na baba yake. Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa, huko Lindi, akiwa na miaka 13 tu. Mwaka 1929 akafika Berlin na kudai mishahara ambayo yeye na marehemu baba yake hawakulipwa. Wakamjibu kwamba amechelewa. Akaomba nishani ya askari wa vita, nayo akanyimwa.

Akabaki Berlin, akahudumu mezani katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza filamu. Alionekana katika filamu zaidi ya 20, idadi ambayo nadhani haikufikiwa na mwigizaji mwingine wa pwani yetu wa zama zile. Mara nyingi alipewa nafasi za mtumishi au askari mtiifu, na katika filamu ya Carl Peters ya mwaka 1941 alicheza kama mwandani wa mkoloni huyo huyo aliyeikamata nchi yake. Mwaka huohuo Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, walimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke Mjerumani mweupe. Hakushtakiwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Askari mtoto aliyemwaga damu kwa ajili ya Ujerumani aliuawa na kambi za Ujerumani hiyo hiyo. Ningetamani jina lake lijulikane Kariakoo kama linavyojulikana kwa wanahistoria wa Berlin.

Aliyesafiri mbali akiwa na gitaa ni Fundi Konde wa pwani ya Kenya, aliyezaliwa mwaka 1924. Katika Vita ya Pili alikuwa kwenye kikosi cha burudani cha jeshi, akawapigia askari wa KAR hadi India na Burma. Fikiria askari wa Unyamwezi kwenye matope ya msitu wa Burma, mwaka 1944, akisikia Kiswahili kikiimbwa kwa gitaa. Aliporudi akatunga Tausi Ndege Wangu, na anahesabiwa miongoni mwa wa kwanza huku kwetu kushika gitaa la umeme.

Ukoo wenye vita vingi ni wa Sykes. Babu, Sykes Mbuwane, aliletwa na Wajerumani kama askari. Mwanawe Kleist alipigana chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Wana wa Kleist, Abdulwahid na Ally, wakaenda Burma. Ally alikuwa mpiga gitaa, na kadi yake ya chama cha TANU ilikuwa namba 2, baada ya Nyerere. Dully Sykes wa bongo fleva ni wa ukoo huo huo.

Na Tabora yenyewe? Miaka ya 1950 na 1960 ilikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, mji mmoja wa bara wenye bendi tatu kubwa zilizokuwa zikigombea wachezaji usiku wa Jumamosi. Mashabiki walijigawa kambi kambi, kama Marini na Arinoti.