Kirungu cha volani: angalieni kwanza trakta yenu

Shofere akifika mwisho wa shamba, mkono mmoja unazungusha volani, wa pili unainua jembe. Ndiyo maana wengi wanatuomba kirungu, kile kishikio kinachozunguka, kinachofungwa juu ya volani. Ni kizuri, hatukatai. Kifungeni upande wa kushoto, sababu chuma cha kuinulia jembe mara nyingi kiko kuume.

Lakini washeni motere kwanza, trakta ikiwa imesimama. Volani ikigeuka kwa mkono mmoja bila shida, basi inasaidiwa na mafuta. Ikiwa ngumu, kirungu acheni: gurudumu la mbele likigonga kisiki (na mashamba yetu ya Lukuga visiki havikosi!) volani inaruka yenyewe, kirungu kinavunja kidole gumba ao kinanasa shati.

Barabarani, mikono yote miwili kwenye volani.