Kidonge cha Virusi kwa Aliyepandikizwa Figo

Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo mpya hakuna mgonjwa anayezihoji. Kinachozua maswali ni kidonge cha kuzuia virusi: kwa nini nimeze dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao?

Sababu kubwa ni virusi vya saitomegalo, ambavyo kliniki huviita CMV. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliambukizwa utotoni bila kujua, navyo havitoki tena mwilini; hulala. Dawa zinazoinusuru figo hushusha kinga iliyokuwa ikivizuia, hasa miezi ya mwanzo, navyo huamka. Hapo huja homa, uchovu, kuharisha na upungufu wa chembe nyeupe za damu. Hata figo yenyewe inaweza kudhurika.

Aliye hatarini zaidi ni yule ambaye hajawahi kuwa na CMV, kisha akapewa figo ya mtu mwenye nayo. Ndiyo maana damu ya wote wawili hupimwa kabla ya upasuaji. Mgonjwa huyo kwa kawaida hupewa kidonge cha valgansiklovia kwa takriban miezi sita. Aliyekwisha kuambukizwa zamani hupewa mitatu hivi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba, kwa walio hatarini zaidi, kumeza dawa siku 200 badala ya 100 kulipunguza ugonjwa wa CMV katika mwaka wa kwanza kutoka asilimia 37 hivi hadi 16.

Vituo vingine hupima damu kila wiki na kuanza dawa virusi vikionekana. Ni njia nzuri, lakini maabara ikichelewesha majibu, mimi nachagua kidonge.

Dozi yake hufuata utendaji wa figo, kwa hiyo usishangae ikibadilishwa. Dawa hii nayo hushusha chembe nyeupe, na inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Wake kwa waume watumie uzazi wa mpango. Kuna pia virusi vya BK, ambavyo navyo vinaweza kuidhuru figo mpya; hivyo dawa hii haiviwezi. Dhidi ya hivyo, daktari hupunguza dawa za kushusha kinga. Nasema daktari, si mgonjwa mwenyewe.

Kipindi kinachosahaulika ni miezi inayofuata baada ya kidonge kusimamishwa, kwani CMV inaweza kuibuka wakati huo. Ukipata homa, usiridhike na kipimo cha malaria peke yake: waambie wahudumu wa afya kwamba una figo ya kupandikizwa, wapime na CMV.