Je, Wajua? Kadi za Zamani Ndizo Huamua Sura ya Gemu Mpya

Je, wajua kwamba mwanga unaowastaajabisha wachezaji wa gemu leo ulishakokotolewa na kompyuta kabla wengi wao hawajazaliwa? Mwaka 1980 Turner Whitted, mtafiti wa Bell Labs nchini Marekani, alichapisha makala ya kuonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuufuata mwale wa mwanga unapogonga kitu, ukarudi au ukapenya. Picha yake mashuhuri ina tufe mbili juu ya sakafu ya miraba, moja ikipitisha mwanga kama kioo. Kuikokotoa picha hiyo moja kulichukua zaidi ya saa nzima, ilhali gemu huhitaji picha 30 au zaidi kwa kila sekunde.

Kwa hiyo gemu zikaishi kwa hila. Chukua gemu nyingi za miaka ya 2010: simama kando ya dimbwi, utaona jengo la ng'ambo limejichora majini vizuri kabisa. Sasa inamisha kamera polepole. Jengo likishatoka juu ya skrini, sura yake majini nayo inafutika, kwa kuwa kadi ya michoro ilikuwa ikinakili tu kile kilichokwisha kuchorwa. Ukishaigundua kasoro hii mara moja, utaiona kila mahali.

Machi 2018 Microsoft ilitangaza DirectX Raytracing, kiwango cha kuleta miale ya kweli kwenye gemu za kompyuta. Septemba mwaka huo Nvidia ikaanza kuuza kadi za RTX 20 zenye vitengo maalumu vya kazi hiyo. Siku zilipoingia madukani, hapakuwa na gemu hata moja ya kuvitumia. Battlefield V ilikuja kuwa ya kwanza, Novemba.

Kwa nini uvivu huo? Si uvivu, ni hesabu. Gemu kubwa hutengenezwa kwa miaka kadhaa na huuzwa kwa watu wenye mashine walizonazo, si mashine zilizozinduliwa juzi. Na maadamu kadi za zamani bado ni nyingi, mtengenezaji hulipa mara mbili: anaweka miale kwa wachache, kisha wasanii wake wanapanga taa moja moja na kuhifadhi vivuli vilivyokokotolewa mapema kwa ajili ya walio wengi. Mambo yalibadilika Novemba 2020, PlayStation 5 na Xbox Series X zilipotoka zikiwa na uwezo wa miale. Mei 2021 studio ya 4A Games ikatoa toleo la Metro Exodus lisilokubali kadi isiyo na uwezo huo, ingawa toleo la awali lilibaki. Desemba 2024 gemu ya Indiana Jones and the Great Circle ikaja na sharti hilo tangu siku ya kwanza. Hesabu mwenyewe: miaka sita tangu kadi za kwanza.

Je, wajua kwamba kulazimisha watu hakusaidii sana? DirectX 10, toleo la mfumo wa michoro wa Microsoft, ilikuja na Windows Vista, ambayo umma uliipata Januari 2007, na Microsoft haikuipeleka kwenye Windows XP iliyokuwa imeenea kila mahali. Mwisho wa mwaka huo gemu ya Crysis ikatoka. Kiwango cha juu kabisa cha michoro kilifunguka kwa wenye Vista tu. Wachezaji wakafungua faili za mipangilio, zilizokuwa maandishi ya kawaida, wakabadilisha namba chache, na sehemu kubwa ya uzuri huo ikaonekana kwenye XP ileile. Wengi waliamua kubaki walipo, na kwa maoni yangu walikuwa na haki.

Wakati mwingine ni studio inayorudi nyuma. Alan Wake 2 ya Remedy, Ufini, ilitoka Oktoba 2023 ikitegemea njia mpya ya kuchora maumbo ambayo kadi za GTX 10 za mwaka 2016 hazina. Wenye kadi hizo waliteseka hadi Machi 2024, Remedy ilipotoa sasisho la kuwapunguzia mzigo. Nawapongeza kwa hilo: kadi ya miaka saba bado ni mali ya mtu, pengine aliinunua kwa kujinyima.

Ukienda kununua kadi, hasa iliyotumika, usiangalie mwaka peke yake. GTX 1660 Super na RTX 2060 zote ni za 2019, lakini ya kwanza haina vitengo vya miale na ya pili inavyo. Soma mahitaji ya chini ya gemu unayoitaka kabla hujatoa pesa.